Jasusi Kutoka Ng'ambo ya Ziwa

Guta, kwenye mwambao wa Ghuba ya Speke upande wa Bunda, ratiba ya sinema hupangwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola, dagaa wakaufuata mwanga na wavu ukawazunguka. Mwezi ukipevuka taa hazina nguvu tena, kwa hiyo mitumbwi hupumzika mwaloni, na vijana ambao wamezoea kukesha hawana pa kukesha. Hapo ndipo banda la video linapofurika.

Mabanda haya yanafanana kandokando ya ziwa zima. Kuta za mabati au mabanzi, matundu yamezibwa kwa maturubai ili wa nje wasichungulie bure, mabenchi yasiyo na egemeo, runinga mbele, na sabufa inayotikisa mabati kila bomu linapolipuka. Nje kuna ubao ulioandikwa kwa chaki. Mechi za Ulaya hupewa nafasi ya juu, kisha hufuata picha, na mara nyingi jina la picha halitajwi kabisa. Huandikwa jina la steringi: Jet Li, Van Damme, Arnold. Mtu anayelipa shilingi zake mlangoni anataka kujua nani atapigana usiku huo, na nani hatakufa.

Swali la sura hii ni dogo kulisema na gumu kulijibu. Inakuwaje steringi akiwa mwanamke, tena jasusi?

Picha za majasusi zilitufikia mapema kuliko runinga yenyewe. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1974, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Kwa muda mrefu kabla ya hapo, mtu wa bara aliyetaka picha zinazotembea alikwenda sinema mjini, au alisubiri mwenye deki na kanda za VHS afungue banda. Na aliyekosa vyote viwili alisoma. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye kofia na sigara, alipita mikononi mwa wasomaji wa Afrika Mashariki katika jarida la picha lililoitwa African Film. Pembeni yake alikuwapo dada mmoja aliyeitwa Sonia. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona na kumleta Willy Gamba. Baadaye Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango na mwenzake Nuru, mrembo mwenye akili ambaye wasomaji wengi walimpenda kuliko Joram mwenyewe. Nawataja Sonia na Nuru kwa makusudi. Wote wawili walikuwa hodari, na wote wawili jina lililopamba jalada halikuwa lao.

Katika kanda za video ilianza tofauti kidogo. Hong Kong ilitoa picha iliyoitwa Yes, Madam! mwaka 1985, ambamo Michelle Yeoh na Mmarekani Cynthia Rothrock wanapiga wanaume mateke bila kuomba msaada wa mtu. Kizazi kilichokulia kwenye mabanda kinamkumbuka Rothrock vizuri kuliko kinavyowakumbuka wanasiasa wa wakati ule. Lakini hao walikuwa askari na wapiganaji. Jasusi ni mtu mwingine. Askari anaingia kwa kuvunja mlango. Jasusi anaingia kwa sababu mlango amefunguliwa, akakaribishwa chai, na mwenyeji hakujua anamkaribisha nani. Kazi yake ngumu imeisha kabla ya ngumi ya kwanza kurushwa. Ndiyo maana picha nyingi za jasusi mwanamke zinanichosha: zinampa misuli ya kiume na kumnyang'anya ujasusi wenyewe.

Salt, ya mwaka 2010, haikufanya hivyo, na inafaa kuitazama kwa karibu. Mhusika aliandikwa kwanza kuwa mwanamume, Edwin Salt, na jina la Tom Cruise ndilo lililotajwa. Cruise alipojitoa, Angelina Jolie akaingia, Edwin akawa Evelyn, na mwongozaji Phillip Noyce ikabidi aijenge upya hadithi. Mengi yalibaki yaleyale, ikiwemo kurukia malori barabarani. Lakini angalia vitu vidogo vilivyoongezeka. Evelyn, ofisa wa CIA anayeshukiwa kuwa jasusi wa Urusi, anafungiwa ndani ya jengo la CIA, watu wanamfuatilia kwenye kamera. Anavua viatu vyake virefu kwa sababu havikimbiliki. Anavua nguo yake ya ndani na kuifunika kamera. Kisha anaunganisha mguu wa meza, kemikali za usafi na mtungi wa kuzimia moto, anapata silaha. Mumewe ni mtaalamu wa buibui, na sumu ya buibui haohao ndiyo itakayotumika baadaye kumfanya rais wa Urusi aonekane amekufa. Yaani vitu vya nyumbani kwake, vya mwilini mwake na vya ndoa yake vimegeuzwa zana za kazi.

Halafu inakuja ile sehemu ambayo banda zima hunyamaza. Wakubwa wake wa Kirusi wanataka kujua kama bado ni mtu wao. Wanamuua mumewe mbele ya macho yake na kumtazama usoni. Hatingishiki. Hatoi chozi. Anapata imani yao, na dakika chache baadaye anawamaliza wote. Jolie ana nafasi ndogo sana ya kuigiza pale, kwa sababu akionyesha chochote amekufa, na sisi tunaotazama ndio tunaolia kwa niaba yake. Hakuna teke lolote katika picha ile lenye uzito wa uso ule uliotulia.

Hapa lazima nimzungumzie mtafsiri, kwa sababu katika mabanda yetu filamu haitazamwi peke yake. Uganda walitangulia na wale wanaoitwa VJ. Kenya ikampata DJ Afro. Kwetu Tanzania jina lililovuma zaidi katika siku za mwanzo lilikuwa Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala. Mtafsiri wa namna hii hafasiri neno kwa neno. Anasimulia, anakaripia, anamwonya steringi kuwa kuna mtu nyuma ya mlango, anawapa adui majina ya mtaani, anataja timu ya mpira iliyofungwa wikiendi ile. Sauti yake hufunika ya mwigizaji. Katika banda la Guta, Jolie anazungumza Kiswahili kwa koo la mwanamume wa makamo.

Na hapo ndipo jasusi mwanamke huokoka au huzama. Mtafsiri mvivu hubana sauti, akaifanya nyembamba ya kuchekesha, watu wakacheka, na tangu hapo mwanamke yule hawezi tena kutisha. Mtafsiri mzuri huacha kuigiza sauti ya kike kabisa. Anashusha yake, anazungumza polepole: "Mwangalieni. Mume wake huyo. Akilia tu, na yeye ndiyo basi." Kisha ananyamaza kidogo, aiache sabufa ifanye kazi. Tafsiri ya namna hiyo humfanya mvuvi wa miaka ishirini aliyekuja kutafuta bunduki aondoke akizungumzia uso. Naiheshimu sana kazi hii. Wanaoibeza kuwa ni uharibifu wa sanaa za watu wanasahau kwamba bila mtafsiri sehemu kubwa ya watazamaji wa ziwani wangebaki na milipuko tu. Ninacholalamikia ni kwamba wanaoshika maikrofoni karibu wote ni wanaume.

Wanaokaa kwenye mabenchi nao karibu wote ni wanaume. Mwaloni, mitumbwi ikirudi alfajiri, wanawake ndio wanaopokea dagaa, wanaopatana bei, wanaoanika mchangani au kwenye vichanja, wanaokimbia kufunika mvua ikitanda. Jioni kuna kupika. Usiku banda la video lina sifa ambayo mama hataki binti yake ahusishwe nayo. Kwa hiyo hadithi za wanawake wajasiri zinatafsiriwa na wanaume, zikatazamwa na wanaume, mita chache kutoka walipo wanawake ambao kazi yao ya kila siku ni kusoma nyuso za wanunuzi na kuficha bei wanayoitaka kweli.

Sasa nimgeukie mwigizaji Lupita Nyong'o. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, akakulia Kenya. Baba yake ni Profesa Peter Anyang' Nyong'o, gavana wa Kisumu tangu 2017. Kisumu ni ng'ambo, lakini ni ng'ambo ya maji haya haya. Kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haijavunjika mwaka 1977, meli ziliiunganisha Kisumu na Musoma na Mwanza, na Wajaluo wapo pande zote mbili za mpaka. Ukivuka Mto Mara kwenda Rorya hadi Shirati unasikia lugha ya baba yake Lupita sokoni. Kwa hiyo Lupita anapotokea kwenye runinga za mkoa wa Mara, kuna watazamaji wanaomhesabu kuwa ni mtu wa nyumbani, na wana haki.

Alishinda Oscar mwaka 2014. Miaka minne baadaye akaigiza jasusi, naye ndiye jasusi mwanamke aliyenigusa kuliko wote niliowahi kuwaona kwenye filamu. Simaanishi filamu nzima. Namaanisha dakika chache za mwanzo wa Black Panther. Malori yanapita usiku katika msitu wa Sambisa nchini Nigeria, yamebeba wanawake waliotekwa. Mmoja wao, aliyejifunika kama wenzake, ni Nakia, ofisa wa siri wa Wakanda. Hakuna anayemtofautisha na wengine. Ameingia kule kwa kukubali kuwa mateka. Mfalme mtarajiwa anaruka kutoka juu na vazi lake jeusi kuja kumchukua, anapiga watu, na Nakia, badala ya kushukuru, anakasirika: amemharibia kazi. Kisha anamzuia asimpige mmoja wa watekaji, kwa sababu ni mtoto, naye alitekwa akafanywa mtekaji.

Wasichana 276 wa shule ya Chibok walitekwa Aprili 2014 na watu waliojificha msitu ule ule. Filamu haikuwataja, lakini kila Mwafrika aliyetazama alijua. Na angalia alichofanya Nakia: amekaa ndani ya lori, sijui ni kwa muda gani, na wale wasichana. Ameona nani mkatili na nani mtoto anayetetemeka na bunduki. Mfalme aliyetoka angani hakuyajua hayo na asingeweza kuyajua. Huo ni ujasusi. Ulihitaji mwanamke, ulihitaji uvumilivu, na ulihitaji mtu anayeweza kukaa chini bila kuonekana.

Basi mwaka 2022 ilipotoka The 355, nilikuwa na matumaini makubwa. Wazo lilikuwa la Jessica Chastain. Alimpelekea mwongozaji Simon Kinberg hoja rahisi: wanaume wana Bond na Mission: Impossible, kwa nini wanawake wasiwe na yao, tena ya kikundi? Mei 2018 waigizaji wakaenda pamoja kwenye tamasha la Cannes kuiuza filamu ambayo bado haijapigwa hata picha moja. Walikuwepo Chastain, Penélope Cruz, Fan Bingbing, Lupita Nyong'o na Marion Cotillard, ambaye baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Diane Kruger. Wanawake hao hawakuomba kazi kwa tajiri wa studio. Walikuwa na hisa katika filamu yao wenyewe, na Universal ikanunua haki za Marekani. Kwa upande wa biashara sijaona hatua ya kijasiri zaidi ya ile katika aina hii ya filamu.

Jina lenyewe lilikuwa na utajiri. Katika vita vya uhuru wa Marekani, mtandao wa majasusi uliojulikana kama Culper, uliomtumikia George Washington, ulikuwa na kitabu cha mafumbo ambamo kila namba ilisimama badala ya neno. Namba 355 ilimaanisha mwanamke. Katika barua ya mwaka 1779 mmoja wa majasusi hao anaandika kuhusu 355 anayemsaidia. Jina lake halikupata kujulikana hadi leo. Hebu fikiria mtu aliyefanya kazi vizuri kiasi kwamba historia ilibaki na namba tu.

Filamu ikaanza na utajiri huo, kisha ikaumwaga. Kuna kifaa kinachoweza kuingia katika mfumo wowote wa kompyuta duniani, watu wabaya wanakitaka, na wanawake kutoka nchi mbalimbali wanalazimika kushirikiana: Mmarekani, Mjerumani, Mkolombia, Mchina, na Khadijah, aliyekuwa katika shirika la ujasusi la Uingereza, ambaye ndiye Lupita. Paris, Marrakech, Shanghai. Mabomu, pikipiki, magauni. Khadijah ameacha kazi, ana mpenzi, ana maisha tulivu. Filamu inamweka mbele ya kompyuta na kumwacha hapo muda mwingi. Mwigizaji aliyetuonyesha Nakia katika lori anapewa kazi ya kubonyeza vitufe na kusema mlango umefunguka.

Lakini kuna sehemu moja inayonyanyuka. Adui amewashika watu wa karibu wa wanawake hawa na kuwaonyesha kupitia skrini. Mpenzi wa Khadijah yuko kati yao, naye anauawa. Ni jambo lile lile lililompata Evelyn Salt, isipokuwa hapa mwanamke anaruhusiwa kuvunjika. Uso wa Lupita katika dakika ile ni wa mtu anayefahamu kwamba ile nyumba aliyofikiri ameificha haikuwahi kuwa imefichwa. Ningeikata nusu ya milipuko ya filamu ile ili uso ule ukae dakika moja zaidi.

Wahakiki waliiponda, na dunia nzima haikuiletea hata dola milioni 30, ilhali ilitengenezwa kwa zaidi ya hapo. Waliofurahia kushindwa kwake walisema watu hawataki jasusi mwanamke. Hoja hiyo haisimami. Salt iliingiza karibu dola milioni 300. Watu walikataa The 355 kwa sababu wanawake watano wenye lugha, dini na utoto tofauti walifanywa wote wapigane kwa namna moja. Mwandishi aliyeketi na swali dogo tu, kwamba Mkolombia huyu angeficha bastola wapi na Mchina huyu angesema uongo wa namna gani, angekuwa na filamu nyingine kabisa.

Afrika Kusini walilielewa jambo hili mapema zaidi. Februari 2020 Netflix ilitoa Queen Sono, tamthilia yake ya kwanza ya asili ya Kiafrika, iliyobuniwa na Kagiso Lediga, Pearl Thusi akiwa jasusi. Hadithi inaanzia Zanzibar na kuzunguka bara. Queen ni binti wa mpigania uhuru aliyeuawa, na nchi nzima inamjua mama yake kama picha ukutani. Yeye anamjua kama mama. Kila anachofanya kazini kinarudi kwenye kifo kile, na wakubwa wake wanajua zaidi ya wanachomwambia. Mapigano yake ni ya kawaida, lakini unaamini kwamba msichana huyu ana sababu ya kutoaminika na kutoamini. Iliidhinishiwa msimu wa pili, kisha Novemba mwaka huo huo ikafutwa kwa sababu ya UVIKO-19. Ilikuwa hasara kwetu sote.

Ninapozungumza na watu kuhusu filamu hizi, kuna swali ambalo huja upesi: mambo haya kwetu yapo wapi? Yapo, na hayako mbali.

Wambui Waiyaki alizaliwa mwaka 1936 katika ukoo wa Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekufa mikononi mwa Waingereza. Alikula kiapo cha Mau Mau akiwa bado msichana wa shule. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952. Aprili 1954 jeshi lilifunga jiji la Nairobi, likawakamata maelfu kwa maelfu ya wanaume, na kwa muda mfupi wapiganaji wa msituni wakawa hawana macho mjini. Wanawake walikuwa na nafasi ya kuwa macho hayo. Wambui alihamia Nairobi na kusaidia kupanga mtandao wa upelelezi. Watumishi wa ndani katika nyumba za Wazungu walisikiliza mazungumzo mezani wakati wakibeba sahani. Wanawake waliojenga urafiki na askari walitoka na risasi, na wakati mwingine na bunduki. Chakula, dawa na habari vilipelekwa msituni na watu ambao hakuna kizuizi kilichowatilia shaka, maana askari aliyesimama kizuizini aliangalia mwanamke mwenye mzigo akaona mwanamke mwenye mzigo.

Hebu tuipunguze kasi hadithi hii kama ambavyo filamu nzuri ingefanya. Chukua mtumishi mmoja tu wa nyumba ya ofisa. Anajua kwamba bwana akiwa na safari ya kikazi, bibi huagiza mkate wa ziada. Anajua buti gani zimepakwa dawa usiku. Hasomi barua, pengine hajui kusoma, lakini anajua ni barua ipi iliyomfanya bwana aache chakula. Jioni anakwenda kisimani au dukani, anasimama dakika mbili na mwanamke mwingine, wanasalimiana, wanaulizana watoto. Kesho yake kikosi kinakwenda msituni na kukuta moto umezimwa na watu wameondoka. Hapo hakuna aliyeruka kutoka ghorofani, na kwa kosa dogo kabisa mtumishi yule angepelekwa kambini, au angekufa.

Gharama aliilipa Wambui mwenyewe. Mwaka 1960 alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, akakaa huko hadi Januari 1961. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1998, ameeleza kwamba alibakwa huko na ofisa wa Kiingereza, akapata ujauzito, na akamtaja kwa jina. Katika nchi ambayo wapigania uhuru wanaume walisimulia mapigano yao kwa miaka mingi, mwanamke huyu alisimulia na hilo. Naona ushujaa wake mkubwa upo katika ukurasa ule.

Baadaye Kenya ilimjua kwa jambo jingine, tena lenye kuhusu ziwa letu. Aliolewa na wakili Mjaluo, S. M. Otieno. Otieno alipofariki Desemba 1986, Wambui alitaka amzike karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi iliitikisa Kenya kwa miezi mitano, na Mei 1987 ukoo ukashinda. Wambui alifariki 2011. Mtu anayetafuta steringi wa filamu ya kijasusi ya Afrika Mashariki ana mwanamke aliyeipeleleza dola, akaionja jela, kisha akasimama mahakamani kudai maiti ya mumewe.

Tanzania nayo ina hadithi yenye mwanamke katikati, ingawa humo jasusi hakuwa yeye. Bibi Titi Mohamed, aliyeandikisha maelfu ya wanawake katika TANU mwaka 1955, alikamatwa Oktoba 1969. Mwaka uliofuata alisimamishwa mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges pamoja na wenzake, akiwemo waziri wa zamani Michael Kamaliza na maofisa wa jeshi, kwa shtaka la uhaini, la kwanza tangu uhuru. Oscar Kambona, aliyetajwa kama kiongozi wa njama, alikuwa London. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa wapigania uhuru wa PAC ya Afrika Kusini aliyeishi Dar es Salaam. Alikaa na washtakiwa, akasikiliza mipango yao, na habari zote zikafika serikalini. Mwanzoni mwa 1971 Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alimsamehe. Hadi kufa kwake mwaka 2000 aliendelea kusema hakuwa na hatia.

Nyerere, mtu wa Butiama aliyemfunga, na kumwachia, alikuwa ametembea naye mikutano ya hadhara tangu chama hakijawa na gari la uhakika. Sijui ni mwandishi gani wa Hollywood angeweza kubuni uhusiano mzito hivyo. Hati za kesi zipo. Waigizaji wapo. Kinachohitajika ni mwandishi atakayekubali kukaa katika utata ule bila kuharakisha kumpa mtu kosa.

Kuna watakaosema filamu za aina hii zinahitaji fedha tusizo nazo. Wakaliga, mtaa maskini wa Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha zisizotosha kununulia kamera nzuri, akiwa na bunduki za mabomba na helikopta ya kompyuta. Mwaka 2016 akatoa Bad Black, yenye msichana wa mtaani kama steringi. Nabwana alikwenda na mtafsiri wake ndani ya filamu, sauti ya VJ ikiwa sehemu ya filamu yenyewe, kwa sababu anawajua watazamaji wake. Hadithi ya kijasusi inahitaji hata pungufu ya hapo. Inahitaji nyuso, mlango na mtu anayesikiliza upande wa pili.

Mimi ningeiweka hapa hapa mkoani. Mwanamke ananunua dagaa Guta, anapakia Bunda, anapitia Musoma na Tarime hadi Sirari mpakani. Njiani anazungumza Kijita na wa kwao, Kikurya na wapagazi wa Tarime, Kijaluo na wanunuzi wa Kenya, Kiswahili na askari wa kizuizi. Anajua ofisa gani yupo zamu Jumatano. Anajua gunia lipi lina dagaa wenye mchanga na lipi halifunguliwi. Wakaguzi wanamwita mama na kumruhusu apite kwa sababu harufu ya mzigo wake inawakera. Mpe mtu wa kumtafuta, siri ya kubeba, na mtoto anayemsubiri nyumbani. Mswada uandikwe na mtu aliyewahi kuanika dagaa na kukimbizana na mvua. Na siku itakapoonyeshwa katika banda, mwezi ukiwa mpevu na mitumbwi ikiwa mwaloni, maikrofoni ya kutafsiri apewe mwanamke, mchana, saa za kuanua dagaa zikishapita, ili na kina mama waingie wakae kwenye mabenchi.